Tkinter: kisanduku kiwake na kuzima bila programu kustaki

Nyakato_Koda

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada.

Nipo Mwanza, naandika programu ndogo ya kompyuta ya mezani kwa ajili ya ghala la samaki upande wa Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Kuna vyumba vinne vya baridi: viwili vya minofu ya sangara iliyogandishwa, kimoja cha sato wa kwenye barafu, na kimoja cha mabondo (vibofu vya hewa vya samaki). Kila chumba kina sensa ya joto, DS18B20. Sensa zote zimeungwa kwenye Arduino moja (kibodi kidogo cha kielektroniki), nayo inatuma joto kwa waya wa USB mpaka kompyuta ya ofisini, Windows 10. Programu ni Python na Tkinter, maktaba yake ya kuchora madirisha. Kwenye skrini kila chumba kina kisanduku chake chenye jina na joto kwa tarakimu kubwa.

Mama mwenye ghala anataka kitu kimoja: joto la chumba likizidi, kisanduku kiwe chekundu na kiwake na kuzima, ili mlinzi aliyeko getini akione kupitia dirisha la ofisi. Usiku yupo peke yake pale.

Nimeandika hivi:

```
while joto > kikomo:
    lebo.config(bg="red")
    root.update()
    time.sleep(0.5)
    lebo.config(bg="white")
    root.update()
    time.sleep(0.5)
```

Kuwaka kinawaka, ila vitufe vyote vinakufa, namba za vyumba vingine zinasimama palepale, na ukijaribu kuburuta dirisha Windows inasema programu haijibu. Nikahamishia kazi hiyo kwenye thredi, yaani mkondo wa pili unaokwenda sambamba ndani ya programu. Inakwenda vizuri kwa muda, halafu inakata na ujumbe `RuntimeError: main thread is not in main loop`. Wakati mwingine hata ujumbe hakuna, inastaki tu.

Jambo lingine: vyumba viwili vikizidi joto kwa pamoja, kila kimoja kinawaka kwa mwendo wake na macho yanachoka haraka. Njia sahihi ni ipi?

taima_tu

Mkuu, adui yako ni `time.sleep`. Tkinter ina mzunguko mmoja, `mainloop`, na huohuo ndio unaochora skrini, unaopokea mibofyo na unaosogeza dirisha. Ukiulaza nusu sekunde, umelaza kila kitu. Badala ya kuulaza, uachie maagizo kwamba nusu sekunde ikipita uite kazi fulani. Hiyo ndiyo `after`:

```
imewaka = False

def badili():
    global imewaka
    imewaka = not imewaka
    lebo.config(bg="red" if imewaka else "white")
    root.after(500, badili)

badili()
root.mainloop()
```

Kwenye mstari wa `after`, `badili` haina mabano. Ukiyaweka, kazi inaitwa papo hapo, inajiita tena na tena, mpaka Python inakutupia `RecursionError`.

Thredi nazo zisiguse lebo wala kitufe chochote. Thredi isome waya wa USB, iweke namba kwenye foleni ya `queue.Queue`, kisha mzunguko mkuu uzichukue kwa `get_nowait`. Basi.

Busisi_M

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Kwa wanaotumia lugha nyingine dawa ni hiyohiyo: Java Swing ina `javax.swing.Timer`, Qt ina `QTimer`, na WinForms ina Timer ya `System.Windows.Forms`. Ukichukua ile ya `System.Timers`, kwa kawaida kazi inaitwa kwenye thredi nyingine na unarudi kwenye shida ileile ya Nyakato.

Ila mlinzi akiipa ofisi mgongo, rangi haimsaidii kitu. Weka na mlio: `winsound.Beep(1000, 400)`.

taima_tu

Busisi, hiyo `Beep` nayo inazuia mpaka mlio uishe. Milio ya milisekunde 400 ikifuatana, skrini inaanza kukwamakwama. Atumie `winsound.PlaySound` pamoja na `SND_ASYNC`, inapiga huku kazi nyingine zikiendelea.

FundiBaridi_Igogo

Mwangaluka wote.

Nyakato, mdogo wangu, dawa ya kustaki umeshapewa na ni sahihi. Mimi nataka tuongee kisanduku kiwake lini na kizime lini, maana hapo ndipo samaki wanapoharibika. Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya baridi, kompresa na evapareta. Skrini nilianza kuziandika mwenyewe kwa sababu nyingi nilizokuwa nikizikuta kwenye maghala hazikuwa zinasema kweli.

Kuna ghala moja huku ufukweni, silitaji. Skrini yao ilikuwa na mpango kama wako: joto likizidi, nyekundu inawaka na kuzima; joto likishuka, kijani. Usiku mmoja mlango wa chumba cha minofu haukushikana vizuri baada ya kupakia. Joto likapanda, kisanduku kikawaka weee bila mtu kukiona. Alfajiri mtu akapita, akausukuma mlango ukafunga, kompresa ikalivuta joto chini. Mhasibu kafungua ofisi asubuhi, kijani tupu. Mimi nilikuja kwa kazi nyingine kabisa, feni ilikuwa inapiga kelele, nikashika boksi la juu karibu na mlango. Minofu ilikuwa imeshikana pande moja ndani ya mfuko, na chini ya mfuko kuna tabaka la barafu la rangi ya damu. Hiyo ni nyama iliyoyeyuka, ikatoa maji, ikaganda upya. Mteja akiiyeyusha jikoni inalegea na maji yake yanabaki kwenye sufuria. Skrini ilikuwa imeyaona yote hayo, na ikayafuta yenyewe kabla mtu hajafika.

Kwa hiyo mimi siandiki tena `joto > kikomo` kama sharti la kuwaka. Kuwaka na kuzima kuwe na maana moja tu kwenye skrini yako: jambo limetokea na hakuna mtu aliyelipokea, njoo sasa. Wataalamu wa mitambo inayojiendesha wana kiwango chao cha alamu, ISA-18.2, kilichotoka mwaka 2009, na wazo hili limo humo: alamu inaweza kuwa imelia na haijapokewa, imelia na imepokewa, au imetulia yenyewe kabla haijapokewa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowaponyoka wale.

Kwenye kodi yangu naziita hivi: `SALAMA`, `MPYA`, `IMEONWA`, `IMEPITA`. Ikiwa `MPYA`, fremu inawaka na kuzima. Mtu akibofya kitufe cha NIMEONA, inakuwa `IMEONWA`: nyekundu, lakini imetulia, haichezi. Joto likirudi chini ndipo inakuwa `SALAMA`. Joto likirudi chini kabla ya kubofya, inakuwa `IMEPITA`: njano iliyotulia, na ndani yake yameandikwa saa lilipozidi, saa lilipoteremka na joto la juu kabisa lililofikiwa. Njano hiyo haiondoki mpaka mtu abofye. Najua mifumo mingine hali hii nayo huwakawaka polepole. Mimi naipinga hiyo. Mlinzi akishazoea kuona kitu kinachezacheza kila asubuhi, usiku wa hatari hatanyanyuka.

Kitufe cha NIMEONA kiwe kimoja kwa kila chumba. Kile kikubwa cha kuzima zote kwa pamoja usikiweke kabisa, hata Mama akikiomba, maana mtu atakibofya kwa ajili ya chumba alichokiona na kukifuta kile ambacho hakukiona. Na kubofya kusimpe mtu ruhusa ya kurudi kulala: chumba kikikaa `IMEONWA` dakika 20 na joto bado liko juu, mimi nakirudisha kwenye `MPYA`.

Sasa sensa zako. DS18B20 ikipata umeme upya, namba inayokaa kwenye kumbukumbu yake ni nyuzi 85, mpaka ipime kwa mara ya kwanza, na kipimo kimoja cha biti 12 kinaweza kuchukua hadi milisekunde 750. Umeme wetu unakatika na kurudi. Arduino ikiwahi kusoma kabla kipimo hakijaisha, utapokea 85.00 kutoka chumba cha mabondo na skrini nzima itawaka nyekundu bila sababu. Waya ukilegea, maktaba ya DallasTemperature, ile ya Arduino ya kusoma sensa hizi, inarudisha −127, na programu yako itaona chumba kina baridi safi kabisa. Hiyo −127 inanitisha kuliko 85, kwa sababu inakaa kimya. Namba zote mbili zikamatwe kabla hazijafika kwenye hukumu ya joto, na kisanduku kiwe cha kijivu na maneno HAKUNA TAARIFA. Kijivu hichohicho kitumike kama sekunde 10 zimepita bila namba mpya. Namba ya zamani iliyobaki kwenye skrini kwa tarakimu kubwa inaaminika sana na watu, na haistahili.

Halafu ule usahihi wa ±0.5 unaoandikwa kwenye matangazo ya sensa hii ni wa kati ya −10 na +85. Chumba cha minofu kiko −18, kwa hiyo uko nje ya ahadi hiyo. Linganisha sensa zako na kipimajoto unachokiamini, humohumo chumbani. Ya chumba cha sato ni rahisi: chukua barafu ya kusagwa pale Mwaloni, iweke kwenye ndoo na maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa. Isome sifuri au karibu yake sana.

Kikomo nacho kisiwe kimoja. Kwa minofu mimi nawasha kwenye −15 na kuzima kwenye −17. Ukitumia namba moja, joto likicheza juu na chini ya mstari, kisanduku kitawaka na kutulia siku nzima. Na joto likae juu dakika kadhaa kabla hujapiga kelele, kwa sababu vijana wakifungua mlango kupakia, sensa iliyo karibu na mlango inapanda haraka wakati samaki wenyewe bado wako sawa. Dakika ngapi, kaa pale siku ya kupakia uangalie. Kila chumba kina tabia yake.

Kuhusu kuwaka kwenyewe. Usiifanye tarakimu iwake na kuzima, wala usiifiche na kuirudisha. Nusu ya muda mtu hawezi kuisoma, na ukitumia `grid_remove` visanduku vingine vinaruka kutoka mahali pake. Acha tarakimu nyeusi kwenye nyeupe, iliyotulia. Kiwake kinachoizunguka: fremu pana, au duara la pembeni. Weka na neno JOTO LIMEZIDI, kwa sababu wapo wanaume wengi tu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na hujui mlinzi wa mwezi ujao ni nani.

Mwendo: mara moja kwa sekunde inatosha. Nusu sekunde iwake, nusu sekunde izime. Usimsikilize anayetaka iende haraka ili ionekane ya dharura. Mwongozo wa 2008 wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, uitwao WCAG 2.0, unataka kitu kisimulike zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, na sababu yake ni kifafa. Nyekundu kali ndiyo mbaya zaidi. Desemba 1997 huko Japani katuni moja ya televisheni ilimulika nyekundu na bluu kwa kasi, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali usiku huo. Skrini yako inakaa mbele ya mtu saa kumi na mbili za usiku kucha. Mhurumie.

Na vyumba kupishana mwendo, hiyo inakwisha ukiacha kila kisanduku kuwa na taima yake. Taima iwe moja ya dirisha zima, na kuwaka au kuzima kuamuliwe na saa ya kompyuta:

```
def piga(self):
    self.soma_foleni()
    awamu = int(time.monotonic() * 2) % 2
    for c in self.vyumba:
        if c.hali == "MPYA":
            rangi = NYEKUNDU if awamu else NYEUPE
        else:
            rangi = RANGI[c.hali]
        if rangi != c.rangi_sasa:
            c.fremu.config(bg=rangi)
            c.rangi_sasa = rangi
    self.kazi = self.after(100, self.piga)
```

Hapo `self` ni dirisha lako lililorithi `tk.Tk`, na `RANGI` ni kamusi ya hali na rangi zake, kijivu kikiwemo. Inapita kila milisekunde 100, lakini rangi inabadilika tu awamu inapobadilika. Mashine ikichelewa kidogo, visanduku vyote vinachelewa pamoja na kurudi kwenye mstari pamoja.

Fremu iwe `tk.Frame` ya kawaida. Ya `ttk` haipokei `bg`.

Busisi_M

Dada, heshima yako. Naongeza moja tu: kompyuta ikizima skrini ili kuokoa umeme, kazi yote hiyo haionekani. Kwenye mipangilio ya Windows skrini isizime kabisa, na skrini ya mapambo itolewe. Na umeme ukikatika kompyuta nayo inakufa, kwa hiyo Arduino ipate betri yake na king'ora kidogo kinachoweza kulia bila kompyuta. Vyumba vinaanza kupanda joto wakati huohuo ambao skrini ni nyeusi.

FundiBaridi_Igogo

Kweli kabisa, Busisi. King'ora hicho kikae getini, si ofisini.

Nyakato_Koda

Wakuu, asanteni sana. Dada Fundi, nimeyasoma yote taratibu. Hiyo ya `IMEPITA` nimemsimulia Mama mwenye ghala, akaniambia nianze na hiyo kabla ya mlio, kabla ya kitu kingine chochote. Anasema minofu iliyoshikana kwenye mfuko ameshaiona, na kila aliyeulizwa alisema usiku ule skrini ilikuwa kijani.

Maswali mawili yamebaki. Kwanza, nilipojaribu kodi ya taima_tu niliweka kitufe cha ANZA. Nikikibofya mara mbili harakaharaka, kisanduku hakiwaki tena, kinakaa rangi moja, na wakati mwingine kinatetemeka kidogo tu. Kwa nini?

Pili, nikifunga dirisha, kule kwenye terminali yanatoka maandishi `invalid command name` na namba ndefu inayoishia na `badili`.

taima_tu

La kwanza: umeanzisha minyororo miwili ya `after`, na yote inageuza `imewaka` ileile. Wa kwanza anawasha, wa pili anazima milisekunde chache baadaye, kwa hiyo jicho linaona rangi moja. Ukitumia njia ya dada ya kuamua kwa saa, minyororo miwili haiharibu rangi kwa sababu yote inapata jibu lilelile. Ila bado unachosha mashine bure, kwa hiyo zuia: kama `self.kazi` si `None`, usianze tena.

FundiBaridi_Igogo

La pili: dirisha limeshavunjwa lakini agizo la `after` lilikuwa bado linasubiri saa yake, na likifika halimkuti mtu. Lifute kabla ya kufunga:

```
def funga(self):
    if self.kazi is not None:
        self.after_cancel(self.kazi)
    self.hifadhi_hali()
    self.destroy()
```

kisha, wakati wa kujenga dirisha, `self.protocol("WM_DELETE_WINDOW", self.funga)`. Thredi ya kusoma USB ianzishe na `daemon=True`, vinginevyo itabaki hai baada ya dirisha kufungwa na mlango wa COM, ule wa kompyuta unaopokea data ya USB, utabaki umeshikwa, ukifungua programu tena itakataliwa.

`hifadhi_hali` iandike kwenye faili hali ya kila chumba pamoja na saa zake, na programu ikifunguka iisome. Usingoje kufunga tu, iite pia kila hali inapobadilika, kwa sababu umeme ukikatika `funga` haiitwi. Mtu akizima kompyuta saa kumi na moja alfajiri na kuiwasha saa mbili, njano ya usiku iwe bado ipo.

Nyakato_Koda

Nimeweka. Maandishi yale hayatoki tena, na ANZA nikiibofya mara nyingi haibadilishi kitu. Kesho naenda na ndoo Mwaloni kupima sensa ya sato, za minofu nitazilinganisha na kipimajoto cha fundi wao. Nikimaliza nitaweka kodi nzima hapa, mwenye ghala mwingine akiihitaji aichukue.